Sikio Chini ya Upenu

Msomaji, ukitaka kuzijua desturi za taifa lolote, yachunguze maneno wayatumiayo watu wake kila siku. Kwani neno la zamani huhifadhi mambo ambayo wasemaji wenyewe wamekwisha kuyasahau. Hebu tutazame misemo miwili ya Kiingereza ihusuyo kusikia.

Wa kwanza ni "eavesdropper", yaani mdukizi, mtu asikilizaye kwa siri maneno asiyoambiwa. Asili ya neno hili ni maji ya mvua. Katika Uingereza ya kale ilikuwa desturi kuacha nafasi kando ya nyumba, ili maji ya paa yasidondoke katika kiwanja cha jirani. Hati moja ya Kent ya mwaka wa 868 yataja futi mbili za kuachwa kwa ajili ya mchirizi huo. Basi mtu aliyesimama hapo, chini ya upenu, aliweza kusikia siri za wenye nyumba. Na jina la mahali likawa jina la mkosaji. Mwanasheria William Blackstone, katika kitabu chake cha mwaka wa 1769, alimhesabu mdukizi miongoni mwa wasumbufu wa umma, kwa kuwa huyachukua aliyoyasikia akayatungia uchongezi. Kosa hilo lilidumu katika sheria ya Uingereza hadi lilipofutwa mwaka wa 1967.

Msemo wa pili ulizaliwa Marekani. Mwaka wa 1844 Samuel Morse alipeleka habari kwa waya kutoka Washington hadi Baltimore. Haikupita miaka mingi, watu wakaanza kutaja kwa mzaha simu ya mzabibu, "grapevine", yaani habari zisizopita katika waya wowote, bali hutoka kinywani zikaingia sikioni, zikitambaa kama mzabibu.

Lakini kwa watumwa jambo hili halikuwa mzaha. Booker T. Washington, aliyezaliwa utumwani huko Virginia mwaka wa 1856, asimulia katika kitabu chake Up From Slavery cha mwaka wa 1901 jinsi watumwa wasiojua kusoma walivyozifuata habari za vita vya 1861 hadi 1865. Mtumwa aliyetumwa posta kuchukua barua alikawia huko kidogo, akawasikiliza Wazungu waliokusanyika wakizungumza juu ya vita. Aliporudi aliwaeleza wenzake njiani. Na mara nyingi watumwa walipata habari kabla ya bwana wao katika nyumba kubwa.

Sasa pima mwenyewe. Mdukizi wa Blackstone na mtumwa wa Virginia wote wawili walitega sikio kwa maneno wasiyoambiwa. Mmoja aliyachukua ili amharibie jirani jina. Mwingine aliyachukua ili watu wake wajue kama minyororo yao ilikuwa karibu kukatika. Mmoja angeweza kubisha hodi akakaribishwa barazani. Mwingine hakuwa na mlango wa kubisha.

Kwa hiyo, usikiapo mtu akilaumiwa kwa kudukiza, usifanye haraka kuhukumu. Uliza kwanza mambo mawili: ni nani aliyemficha habari zilizomhusu, na aliyoyasikia ameyapeleka wapi?