Mwalimu wa elimu maalumu alisomea wapi?

Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya wasioona mjini Thika mwaka 1946. Miaka minne baadaye Kanisa la Anglikana likafungua ya kwake Buigiri, nje kidogo ya Dodoma. Kenya ilikuja kupata taasisi ya taifa ya kuwaandaa walimu wa shule za namna hiyo mwaka 1986. Tanzania nayo ilisubiri hadi 2007 ndipo kikafunguliwa chuo kikuu kilichoanza na elimu maalumu kama kazi yake kuu, huko Magamba, Lushoto. Piga hesabu: miaka 40 upande mmoja, 57 upande wa pili. Muda wote huo watoto walikuwa madarasani, na mbele yao alisimama mtu akifundisha. Huyo mtu alijifunzia wapi?

Jibu fupi ni kwamba alijifunzia kazini. Shule za mwanzo zilikuwa za makanisa, na makanisa yalileta wamisionari wachache waliosomea kazi hiyo kwao. Waliobaki walikuwa walimu wa kawaida, wenyeji wenye cheti cha ualimu wa msingi, waliopangiwa pale kama ambavyo wangepangiwa shule nyingine yoyote. Walifika, wakakabidhiwa kibao cha nukta nundu na kalamu yake butu, wakaambiwa waanze.

Kibao hicho kina taabu yake. Karatasi nzito hubanwa kati ya vipande viwili vya chuma, cha juu kikiwa na vijidirisha, na kila kijidirisha kina nafasi ya nukta sita. Unatoboa kwa kalamu ukianzia kulia kwenda kushoto, tena kila herufi kinyume chake, kwa kuwa nundu hutokeza upande wa pili na karatasi lazima igeuzwe ndipo isomwe. Mtoto aliyeanza na vidole hukizoea upesi kuliko mwalimu wake mwenye macho, ambaye kila mara hutaka kuchungulia nyuma ya karatasi. Nafuu ililetwa na mashine ya Perkins, iliyobuniwa na David Abraham, mwalimu wa useremala katika shule ya wasioona ya Perkins huko Massachusetts, na kuanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1951. Ni chuma kitupu cha karibu kilo tano, vitufe sita vya nukta na kimoja cha nafasi, na huandika kushoto kwenda kulia kama watu wengine. Ila bei yake haikuwa ya shule za vijijini, na kibao hakijastaafu hadi leo.

Baada ya uhuru shule ziliongezeka kuliko walimu. Kwa wasioona ilikuja Irente, Lushoto, na kwa viziwi ikaja ya Tabora, zote mwaka 1963. Mwaka 1966 Uhuru Mchanganyiko ya Dar es Salaam ikaanza kuwasomesha wasioona pamoja na wanaoona, jambo lililokuwa jipya nchini. Kenya iliunda kamati chini ya Ngala Mwendwa mwaka 1964 kuangalia matunzo na urekebishaji wa watu wenye ulemavu, na mwaka 1968 serikali ikatoa waraka wake wa sera. Kozi za walimu zikawa zinaendeshwa Nairobi, huko Highridge na Jacaranda, kwa kujibana. Aliyetaka kuendelea zaidi ya hapo alihitaji pasipoti.

Na hapa ndipo historia hii inaponoga, maana kule ng'ambo alikokwenda mwalimu wa Kiafrika palikuwa na ugomvi wa zamani, na yeye hakuulizwa kama anataka kuushiriki.

Tuanze Marekani. Mwaka 1891 chuo cha viziwi cha Washington, ambacho leo tunakiita Gallaudet, kilifungua idara ya kuwaandaa walimu. Waliopokelewa walikuwa tayari na shahada zao kutoka vyuo vingine, kwa hiyo hii ni moja ya kozi kongwe kabisa za ualimu wa elimu maalumu kwa wahitimu wa chuo kikuu. Rais wa chuo, Edward Miner Gallaudet, alipokwenda kuomba fedha katika Bunge, alikutana na mpinzani mzito: Alexander Graham Bell, yuleyule wa simu. Mama yake Bell alikuwa na uziwi, mkewe Mabel alikuwa kiziwi, na yeye mwenyewe aliwahi kuwafundisha viziwi. Aliamini mtoto kiziwi afundishwe kusema kwa kinywa na kusoma midomo ya watu, mikono itulie. Hofu yake ni kwamba idara hiyo ingezalisha walimu viziwi, nao wangeendeleza lugha ya ishara. Gallaudet alijitetea kwa kusema kwamba idara itachukua wanaosikia tu.

Na kweli ikawachukua wanaosikia tu, kwa miongo mingi. Chuo kilichokuwa fahari ya viziwi kilimkatalia kiziwi kozi ya kuwafundisha viziwi wenzake. Percival Hall, aliyetoka Harvard akapitia idara hiyo, alipanda hadi kuwa rais wa chuo mwaka 1910. Kiziwi aliyemaliza shahada ya kwanza katika majengo yaleyale ilimbidi aende kwingine.

Uingereza ugomvi huo uliishia kwa upande mmoja kushinda kabisa. Mwaka 1919 James Jones, aliyekuwa na mtoto kiziwi, alitoa fedha ili Chuo Kikuu cha Manchester kiwe na mhadhiri wa elimu ya viziwi, na nafasi ile ikapewa jina la mwanawe, Ellis Llwyd Jones. Aliyeichukua ni Irene Goldsack, ambaye baadaye aliolewa na Alexander Ewing, na wawili hao waliitawala taaluma hiyo kwa muda mrefu. Walishikilia kusema, kusoma midomo na vifaa vya kusaidia masikio. Mwalimu aliyetoka makoloni akasomea huko, au akafundishwa na aliyesomea huko, alirudi na imani hiyo ndani ya begi pamoja na cheti.

Matokeo yake yalionekana katika shule zetu za viziwi hadi miaka ya 1980. Darasani mtoto aliketi akitazama midomo ya mwalimu, akijaribu kutofautisha «papa», «baba» na «mama», maneno ambayo kwa anayetazama tu midomo yanafanana. Bwenini watoto haohao waliongea kwa mikono usiku kucha. Mwalimu aliyejua vizuri alichofundishwa chuoni ndiye aliyekuwa mkali zaidi juu ya ishara, na sidhani kama tunaweza kumlaumu: alikuwa akitimiza alichosomea.

Aliyeanza kuivunja hali hii barani alikuwa mtu aliyekuwa na kila sababu ya kukata tamaa. Andrew Foster alizaliwa Alabama mwaka 1925, akapoteza usikivu akiwa na umri wa miaka 11, na mwaka 1954 akawa kiziwi mweusi wa kwanza kupata shahada Gallaudet. Uzamili wa ualimu aliupata Michigan mwaka uliofuata. Mwaka 1957 alifungua shule ya viziwi Ghana, mwaka 1960 akawa Ibadan, Nigeria, na huko akawa anawakusanya viziwi watu wazima na kuwafunza kazi ya ualimu, kwa ishara, bila kungoja chuo kikuu chochote kiwape ruhusa. Alifungua shule zaidi ya 30, zikiwamo za Kongo. Alifariki kwa ajali ya ndege nchini Rwanda tarehe 3 Desemba 1987.

Kwa Kenya jina la kutaja ni Michael Ndurumo, kiziwi aliyepata uzamivu wa elimu maalumu Marekani mnamo 1980 kisha akarudi nyumbani. Katikati ya muongo huo Shule ya Viziwi ya Machakos ilianza kufundisha kwa ishara, na mlango ukafunguka kwa shule nyingine kufuata. Ndurumo akawa mhadhiri wa vyuo vikuu, akiwafundisha wanaosikia namna ya kuwafundisha viziwi. Bell angekuwa hai angeudhika.

Vyuo vya nyumbani vilikuja taratibu. Tanzania ilianza katika vyuo vya ualimu vya kawaida: Chuo cha Tabora kilichukua fani ya wasioona miaka ya 1970, Mpwapwa ikaja na ulemavu wa akili miaka ya 1980. Baadaye fani hizo zikakusanywa Patandi, mkoani Arusha, na kwa walimu wengi nchini neno Patandi likawa na maana ya elimu maalumu yenyewe. «Amekwenda Patandi» ilitosha kama maelezo. Aliyekwenda hakuwa kijana wa kutoka sekondari. Alikuwa mwalimu mwenye miaka kadhaa ya chaki, mara nyingi mwenye familia, aliyeacha darasa lake kwa ruhusa ya mwajiri na kuchagua fani moja: uoni, usikivu au akili.

Nairobi ilikuwa na bahati ya fedha za Denmark. Mwaka 1984 vilianzishwa vituo vya kuwapima watoto na kuwaelekeza shule zinazowafaa, na tarehe 14 Februari 1986 tangazo la kisheria likaunda ile taasisi ya taifa, KISE, ambayo makao yake yako Kasarani. Nayo ilipokea walimu wa kazini, kwa stashahada ya miaka miwili. Baadaye ikaongeza masomo ya masafa, na likizo za Aprili, Agosti na Desemba zikawa za kusoma. Wadenmark walisaidia Uganda pia, katika taasisi ya Kyambogo, ambayo mwaka 2003 iliunganishwa na vyuo jirani kuwa Chuo Kikuu cha Kyambogo.

Huo mgawanyo wa fani una tatizo ambalo kila mhitimu hulikuta wiki ya kwanza. Amesomea uziwi. Anapangiwa kitengo katika shule ya msingi ya kata, chumba kimoja pembeni mwa jengo, na ndani yake yumo kiziwi mmoja, mwenye mtindio wa ubongo anayehitaji kushikwa ili aketi, mwenye usonji anayezunguka chumba kutwa, na wawili watatu ambao hakuna aliyewapima kujua wana nini. Kitengo kina mwalimu mmoja. Mkutano wa UNESCO wa Salamanca, Juni 1994, uliosema shule za kawaida ziwapokee watoto wote, uliufanya ufundi wa fani moja uonekane mwembamba zaidi, na ndio uliovipa vyuo vikuu hoja ya kudai kwamba kazi hii sasa inahitaji shahada.

Nchini Kenya vyuo vikuu vya Kenyatta na Maseno vilifungua kozi zao, Kyambogo ikapanda hadi uzamili. Wengine waliendelea kwenda nje, na safari hii njia ilielekea Norway: chuo cha walimu wa elimu maalumu cha huko kilikuwa kimeunganishwa na Chuo Kikuu cha Oslo mwaka 1990, na uzamili wake wa Kiingereza ukawavutia Waafrika wengi. Mwaka 2007 Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kilutheri ikafungua chuo Magamba na kukiita kwa jina la Askofu Sebastian Kolowa. Mahali palichaguliwa vizuri: Irente na shule yake ya wasioona iko jirani, upande wa pili wa mji wa Lushoto. Mwanafunzi anayejifunza nukta nundu kwa nadharia anaweza kushuka na kumwona mtoto wa darasa la pili akiisoma kwa kasi inayomwaibisha.

Hata hivyo shahada ya juu ina tabia yake moja, nayo ni kumwondoa mwalimu darasani. Mwenye uzamili utamkuta chuoni akiwa mkufunzi, halmashauri akiwa afisa elimu maalumu, au katika shirika lenye mradi wa miaka mitatu. Wamarekani walilifanya hilo kwa makusudi. Septemba 1958 Rais Eisenhower alitia saini sheria namba 85-926, iliyotoa fedha za kusomesha watu ambao wangekwenda kuwafundisha walimu wa watoto wenye ulemavu wa akili. Walianza na wahadhiri wakijua walimu watafuata. Kwetu hakuna aliyekaa akapanga hivyo. Mishahara ndiyo iliyopanga.

Hata wa shahada ya kwanza haendi anakotarajiwa. Nchini Tanzania mwalimu wa shahada kwa kawaida hupangiwa sekondari, ilhali vitengo vingi viko shule za msingi, na vinashikiliwa na wale wa stashahada waliopita Patandi. Mhitimu wa elimu maalumu amesomea pia somo la kufundishia, kwa mfano Kiswahili au Jiografia. Mkuu wa sekondari ambaye kwa mihula miwili hajapata mwalimu wa Jiografia anasoma cheti mpaka afike kwenye neno hilo, kisha anampangia vipindi.