Maji, Umeme na Joto la Kompyuta

Maji na umeme ni mahasimu, wala hakuna fundi asiyelijua jambo hilo. Hata hivyo, historia ya kompyuta yaonyesha kwamba mahasimu hao wamepatanishwa mara kwa mara, na aliyewalazimisha kupatana ni joto.

ENIAC, iliyozinduliwa Philadelphia mwaka 1946, ilikuwa na vali zipatazo 18,000, nayo ilipozwa kwa feni. Vifaa vilipozidi kusongamana, hewa ilielemewa. Kwani maji ya ujazo ule ule huchukua joto zaidi ya mara 3,000 kuliko hewa. Ndipo maji yalipoingizwa katika mitambo mikubwa ya IBM ya miaka ya 1960, na katika IBM 3081, iliyotangazwa mwaka 1980, yakasogezwa karibu kabisa na vipande vinavyofanya hesabu. Cray-1 ya mwaka 1976, iliyokula kilowati 115, ilipozwa kwa freoni. Vifaa vyake vya kuandaa umeme vilifichwa chini ya viti vilivyoizunguka.

Vifaa hivyo vya umeme, ambavyo mafundi huviita pawasaplai, ndipo mahali pa hatari zaidi pa kupeleka maji. Umeme wa volti 230, ukisha kugeuzwa humo kuwa wa mkondo mnyoofu, hufikia volti 325 hivi, na kapasita huweza kuuhifadhi hata baada ya waya kuchomolewa. Maji safi kabisa hupitisha umeme kidogo tu, lakini yakikaa na metali hayakawii kuchafuka. Uvujaji mdogo waweza kuua mtambo, na hata mtu.

Licha ya hayo, mwanzoni mwa karne ya 21 ziliuzwa pawasaplai za kompyuta za nyumbani zilizopozwa kwa maji. Hazikuenea, na hesabu ndogo yasaidia kueleza kwa nini. Pawasaplai inayotoa wati 400 kwa ufanisi wa asilimia 80 huvuta wati 500, na wati 100 hugeuka joto. Ufanisi ukifika asilimia 90, joto hushuka hadi wati 44 hivi, na feni ndogo hutosha. Kadhalika IBM ilirudia hewa katikati ya miaka ya 1990, ilipopata transista zinazokula umeme mchache.

Tangu hapo maji yamerejea katika mitambo mikubwa, kwa kuwa uchu wa hesabu umeongezeka. Frontier ya Tennessee, iliyoshika nafasi ya kwanza duniani mwaka 2022, ilikula megawati 20 hivi, na kabati zake hupozwa kwa kimiminika. Basi atakayeichunguza historia hii asianze na bomba. Aanze na umeme uliogeuka joto, kwani huo ndio uliolileta bomba.