Chuma Kilichoachwa Kilimani

Tulitoka Tunduma asubuhi, tukashika barabara ya Mbeya, kisha tukakata kuingia Ndolezi. Ilikuwa Septemba: nyasi zimekauka, vumbi jekundu, kivuli hakuna. Kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, Kimondo cha Mbozi kimelazwa juu ya zege, urefu wake mita 3 hivi, uzito unakadiriwa kuwa tani 16.

Kijana aliyetuongoza alisema kiligunduliwa mwaka 1930.

"Na nani?"

"Mpima ardhi, Mzungu." Akacheka kidogo. "Lakini dada, wazee walikijua."

Wahunzi wa Kinyiha waliyeyusha chuma huku huku Mbozi, kwa mawe ya madini, makaa na mivukuto. Na hapa kilikuwepo chuma kitupu, asilimia 90 hivi, kisichohitaji tanuri. Walikiogopa? Walikiheshimu? Au kiliwashinda kukatwa? Ubavuni kina pengo la msumeno, ila hilo ni la watafiti.

Garini nilifungua daftari. Nikafuta "kiligunduliwa 1930", nikaandika: "kiliingia vitabuni 1930".