Sindano ya Wino na Homa ya Ini

Wazee wetu walichanja chale kwa wembe. Huko New York watu walichora ngozi kwa sindano na wino. Mwaka 1891 Samuel O'Reilly alipewa hati ya mashine ya umeme ya kazi hiyo, nayo ikawa nyepesi. Lakini mwaka 1961 wakubwa wa mji waliikataza, wakisema yaeneza homa ya ini. Wachoraji wakaendelea kwa siri, mpaka ruhusa iliporudi mwaka 1997.

Basi, ndugu wasomaji, tunaona kwamba katazo peke yake halitoshi. Tone la damu lisiloonekana laweza kupeleka ugonjwa kutoka mtu hata mtu. Sindano iliyotumika tuikatae, na wembe vilevile. Tudai mpya, wino safi na mikono iliyonawa. Kidonda kikitoa usaha, twende dispensari upesi.