Ndugu wa Sauti Nne: Kwaya na Jumuiya Tanzania

Mwimbaji wa kwaya ya usharika Dar es Salaam au Mwanza halipwi chochote. Yeye ndiye anayelipa: nauli ya kwenda mazoezini jioni akitoka kazini, kitambaa cha sare na fundi wake, mchango wa kurekodi, mchango wa harusi, mchango wa msiba. Na bado kanisa moja linaweza kuwa na kwaya kuu, ya vijana, ya akina mama na ya uinjilisti, zote zimejaa. Historia ya kwaya zetu imezoeleka kusimuliwa kama habari ya muziki wa kanisa. Kwa maoni yangu, ni zaidi habari ya watu waliotafuta ndugu, wakawapata katika kuimba.

Mwanzo wake ulikuwa wa machungu. Mkunazini, Zanzibar, Waanglikana wa misheni ya UMCA waliweka jiwe la msingi la kanisa lao kuu mwaka 1873, palipokuwa na soko la watumwa. Miongoni mwa wanafunzi wao walikuwamo vijana waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, waliotenganishwa na wazazi na lugha zao. Bara, Wamoravian waliingia nyanda za juu kusini mwaka 1891, na Walutheri wa Leipzig wakafika Kilimanjaro mwaka 1893 na nyimbo zao za Kijerumani. Maneno yalitafsiriwa, tuni zikabaki zilivyo. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tuni za Ulaya hazikuujali, kwa hiyo vizazi kadhaa viliimba maneno ya kwao kwa matamshi ya kigeni.

Kilicholeta mapinduzi ni mfumo wa nota za do, re, mi. Ulianzishwa na Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, Uingereza, ukaendelezwa na John Curwen katika karne ya 19, na wamisionari wakausambaza Afrika. Mfumo huu hauhitaji karatasi ya mistari mitano wala kinanda. Herufi, nukta na mistari ya wima vinatosha, na taipureta ya ofisi ya parokia iliweza kuviandika vyote. Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya karibu na Johannesburg, alitunga kwa nota hizi mwaka 1897 wimbo ambao tuni yake Tanganyika iliichukua kwa wimbo wa taifa mwaka 1961. Kila tunaposimama kuimba “Mungu Ibariki Afrika”, tunaimba kazi ya mwalimu wa kwaya.

Nota hizo zimempa mkulima ambaye hajawahi kugusa kinanda uwezo wa kusoma muziki wa sauti nne. Mwalimu huandika ubaoni, kisha hushughulika na kila sauti peke yake. Sauti ya kwanza huwahi kushika kwa kuwa wao ndio wenye tuni. Alto huteleza na kuifuata sauti ya kwanza, hurudishwa, huteleza tena. Tenori hubishana. Besi hurudia noti zilezile mbili tatu mpaka wajione wameonewa. Halafu mwalimu anasema, “Haya, wote,” na yale yaliyoonekana hayana maana kwa kila kundi yanakutana. Hapo watu hucheka kwa furaha katikati ya wimbo. Aliyewahi kusimama ndani ya sauti hiyo anajua kwa nini mtu huacha chakula mezani akawahi mazoezi.

Lakini muziki peke yake hauelezi uongozi wa kwaya: mwenyekiti, katibu, mhazini, mtu wa nidhamu, mtu wa sare. Hapo inafaa kutazama nje ya kanisa. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, alifuatilia ngoma ya beni kutoka miji ya pwani ya miaka ya 1890 hadi bara. Vyama vyake vya Marini na Arinoti vilikuwa na sare, vyeo na mashindano makali, na wanachama walisaidiana na kuzikana. Sidai kwamba kwaya ilizaliwa na beni. Ila watu walioingia kwaya walikuwa tayari wanajua chama cha kuimba kinavyopaswa kuwa: kinachomtafuta asiyeonekana na kumzika aliyefariki.

Gregory Barz, aliyeandika mwaka 2003 kuhusu kwaya za Kilutheri za Tanzania, alikuta jambo hilohilo Dar es Salaam: kwaya kama jamii kamili ndani ya jiji. Kijana anatoka Bukoba au Mbeya bila shangazi wala mjomba mjini. Anajiunga na kwaya, na baada ya miezi michache ana watu wa kumchangia mahari na kumkeshea hospitalini. Baba yake akifariki kijijini, basi la wanakwaya linaondoka usiku na sare zimekunjwa mikobani, kwa kuwa mwenzao hawezi kuzika bila sauti zao.

Miaka ya 1960 kwaya zilianza kujitwalia muziki wa kwao. Padri Stephen Mbunga alichapisha utafiti wake juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu mwaka 1963. Mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifungua mlango kwa lugha na muziki wa wenyeji. Katika chuo cha Kilutheri cha Makumira, Howard Olson alikusanya tuni za Kiafrika kwa ajili ya ibada za Kilutheri. Ngoma na kayamba zikaingia madhabahuni, na tungo za walimu wetu wenyewe zikazidi kuongezeka. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, kwaya za shule, viwanda na jeshi zilichukua sauti hizo na kuimba ujamaa, Waislamu na Wakristo safu moja.

Nyimbo nyingi zimerekodiwa, na leo mwalimu hutuma kila sauti kwa WhatsApp. Kinachopotea ni madaftari: mihtasari ya katibu, orodha za michango ya mhazini, majina ya waliosafiri kwenda msibani. Yamo kwenye makabati ya sakristia na chini ya vitanda vya walimu wastaafu, yakiliwa na mchwa. Dayosisi na vyuo vyetu vyenye maktaba viyaombe sasa, viyapige picha, kisha viwarudishie wenyewe.