Askari mmoja, namba tatu: matrikule katika jeshi la Uingereza

Huku kwetu, mzee aliyekuwa askari anaweza kusahau mengi, lakini matrikule yake haisahau. Namba ile ni yake peke yake mpaka kufa. Ndugu msomaji, katika jeshi la Uingereza haikuwa hivyo siku zote. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia, 1914 hadi 1918, namba ilikuwa mali ya kikosi, si ya mtu.

Kila rejimenti, na mara nyingi kila batalioni, ilikuwa na daftari lake. Aliyeingia leo alipewa namba inayofuata ile ya aliyeingia jana. Batalioni za Territorial, yaani askari wa kujitolea waliopangwa upya mwaka 1908, kila moja ilihesabu kuanzia 1. Kwa hiyo namba 1500 ingeweza kuwa ya watu wengi kwa wakati mmoja. Tena askari akihamishwa kikosi, aliacha namba ya zamani na kupewa mpya. Mtu aliweza kumaliza vita akiwa na namba tatu.

Rejimenti nyingine, kama Middlesex, ziliweka herufi G mbele ya namba ya mtu aliyeingia kwa muda wa vita tu. Herufi hiyo ni sehemu ya namba.

Mwanzoni mwa 1917 askari wa Territorial walipewa namba za tarakimu sita. Katika rejimenti, batalioni ya kwanza ya aina hiyo ilianzia 200001, na ya pili 240001. Mgongano ukapungua ndani ya rejimenti, lakini rejimenti jirani nayo ilianzia 200001 ileile!

Dawa ilipatikana mwaka 1920. Jeshi zima liligawiwa namba kwa mafungu: kikosi cha uchukuzi na vifaa kilianzia 1, Black Watch ya Scotland ilianzia 2744001. Tangu hapo askari alihama na namba yake. Ndiyo maana katika vita vya pili namba huonyesha mtu alipoingilia jeshini, hata kama alifia kikosi kingine. Kuanzia Julai 1942, askari wapya walipitia kwanza kikosi kimoja cha pamoja, na namba zao zikaanza na 14.

Hesabu hizi zina faida gani leo? Septemba 1940, mabomu ya Ujerumani yaliteketeza ghala la London, na zaidi ya nusu ya mafaili ya askari wa vita vya kwanza yakaungua. Kwa familia nyingi zilibaki orodha za medali tu: jina, kikosi, namba. Ukitafuta John Smith bila namba na kikosi, unaweza kumlilia maiti wa watu wengine.

Kwa Afrika ya Mashariki, jeraha ni kubwa zaidi. Mwaka 2021, tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilikubali kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao. Wapagazi wetu wengi wamo humo.

Kama kuna karatasi ya jeshi katika sanduku la babu yako, nakili yote: herufi, namba na jina la kikosi. Namba bila kikosi ni kama mlango bila nyumba.