Weupe juu ya Majani: Habari za Mdudu wa Mibuni ya Kenya

Mara nyingi mtu huona weupe juu ya majani ya mti wa bustanini, akasema, "Mti umeugua," akaenda mbio kutafuta dawa. Walakini weupe si jina la ugonjwa. Ni dalili tu, kama homa ilivyo dalili, na asili zake ni zaidi ya moja.

Weupe mwingine ni koga. Mwaka 1845, katika mji wa Margate, Uingereza, mtunza bustani aitwaye Edward Tucker aliuona umelala kama unga juu ya majani ya mizabibu. Dawa iliyoufaa ilikuwa kibiriti, yale madini ya manjano, pamoja na chokaa na maji. Lakini anyunyizaye kibiriti juu ya kila kitu cheupe hupoteza fedha zake bure, kwa kuwa uko weupe wa namna ya pili, nao una miguu. Ukiugusa, waona nyuzi kama za pamba, na ndani yake yumo mdudu mdogo, laini, aliyejivika nta. Ukimponda hutoa maji. Mdudu huyo hufyonza utomvu wa mti, kisha hutoa maji matamu ambayo juu yake huota ukungu mweusi kama masizi. Sisimizi huyapenda maji yale, nao humlinda mwenye kuyatoa kama wachungaji walindavyo mbuzi.

Mdudu wa namna hiyo alitokea katika mibuni ya Kenya, upande wa Thika, mwaka 1923. Wala hakudhuru kahawa ya wenye mashamba makubwa tu. Aliingia pia katika mbaazi na viazi vikuu vya wenyeji, ambao wakati ule wengi wao hawakuruhusiwa kupanda kahawa. Jambo hili twaona halitajwi vya kutosha, maana mwenye mibuni alipungukiwa fedha, bali mwenye mbaazi alipungukiwa chakula.

Wataalamu wakampa jina, nalo halikuwa lake. Kwanza walimdhani ni yule asumbuaye michungwa katika nchi nyingi. Baadaye wakamdhani ni mwingine, wa Asia. Je, jina lina nini? Zamani, mwaka 1888, Albert Koebele alitumwa kutoka Marekani kwenda Australia, kwao mdudu mweupe aliyekuwa akiangamiza michungwa ya California. Huko alipata mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi, wamlao mdudu yule. Wakaletwa California, na michungwa ikapona. Basi ikajulikana kwamba atakaye adui wa mdudu na amtafute kwao mdudu, na kwao hujulikana kwa jina lake. Jina lisilo lake liliwapeleka watu wa Kenya kutafuta Asia, hata Filipino. Wadudu walioletwa kutoka mbali hawakustawi.

Katika miaka hiyo wenye mashamba walikuwa wakipaka shina la mbuni mviringo wa gundi yenye mafuta, sisimizi wasipate kupanda. Walipotengwa sisimizi, adui wa kienyeji walipata nafasi ya kumla mdudu. Ni kazi ya jasho, kwa kuwa tawi moja likigusa ardhi huwa daraja, na shamba lina maelfu ya mibuni. Lakini kwa mti mmoja wa bustani ni njia njema, pamoja na kukata matawi yaliyojaa weupe na kuosha mengine kwa maji ya sabuni.

Hata mwaka 1935 R. H. Le Pelley, mtaalamu wa wadudu katika Kenya, akaonyesha ya kuwa huyu ni mdudu wa peke yake, akamwita kwa jina la Kenya. Ndipo wakamtafuta karibu, wakamwona Uganda. Kule hakuwa pigo, kwa sababu walikuwako nyigu wadogo mno, wasiodhuru mtu, ambao hutaga yai ndani ya mwili wake. Mtoto wa nyigu humla kwa ndani mpaka ganda likabaki tupu.

Mwaka 1938 nyigu hao wakaletwa Kenya, wakazalishwa, wakaachiliwa mashambani. Kufika mwaka 1949 pigo lilikuwa limetulia katika sehemu kubwa ya nchi ya kahawa, na katika mbaazi pia. Dawa iliyotafutwa miaka mingi ng'ambo ya bahari ilikuwa imetoka kwa jirani.